Sanduku la Chai na Nyuzi Nne za Fidla

Masanduku ya chai yaliyokuwa yakipakiwa katika bandari za Calcutta na Colombo karne iliyopita, yenye mbao nyembamba zilizobanwa pembeni kwa mikanda ya bati na kutandikwa karatasi ya madini ndani ili majani yasiingiwe na unyevu wa bahari, yalishushwa katika miji mingi ya dunia, na takriban kila yaliposhushwa alitokea maskini mmoja mwenye masikio mazuri na mfuko mtupu, akalichukua moja lililokwisha kazi yake, akalifudikiza, akalitoboa tundu kwenye kitako, akapitisha uzi, akaifunga ncha ya uzi huo kwenye fimbo, na kwa kuivuta na kuilegeza fimbo hiyo akajipatia sauti nene ya chini ambayo tajiri huinunua dukani kwa fedha nyingi. Unguja chombo hicho kiliitwa sanduku, basi, pasipo kuongezewa jina jingine, na kikawa nguzo ya muziki wa kidumbaki. Liverpool, nchini Uingereza, mwaka 1956, kijana mmoja wa shule aitwaye John Lennon alikusanya wenziwe wakaunda kikundi kilichoitwa Quarrymen, na miongoni mwa vyombo vyao, pamoja na magitaa ya bei nafuu na ubao wa kufulia nguo, lilikuwamo sanduku la chai lile lile. Nani alimtangulia mwenziwe katika jambo hili sioni faida ya kulibishania. Dhiki ni mwalimu asiyehitaji meli ya kumvusha.

Baadhi ya vijana wale wa Liverpool baadaye walitajirika na kuitwa Beatles, na habari zao zimekwisha andikwa hata zimechosha. Lililo muhimu kwetu ni kwamba ile rai yao ya awali, ya kuwa mtu asiye na mali wala mafunzo anaweza kupanda jukwaani na kusema alilo nalo moyoni, haikufa walipopata ukwasi, bali ilizuka upya London mwaka 1976, kwa sura ya ukali zaidi na kwa jina la panki. Na mwanzoni mwa mwaka uliofuata kijarida kimoja kilichotengenezwa na wapenzi wenyewe kilichora namna ya kuweka vidole kwa sauti tatu za gitaa, kisha kikamwamuru msomaji aende akaunde bendi. Amri hiyo ilizunguka dunia. Ilifika hata Korea Kusini, nchi ambayo ilikuwa haijakaa sana tangu itoke katika utawala wa wanajeshi, na pale Seoul, katika mtaa wa Hongdae ulio jirani na Chuo Kikuu cha Hongik, ukumbi mdogo ulioitwa Drug ukawa, tangu katikati ya miaka ya 1990, maskani ya vijana waliopenda kelele hizo, wakiwamo wale wa bendi ya Crying Nut ambao jina lao limedumu kuliko la ukumbi wenyewe.

Walakini Seoul ni Seoul. Tangu mwishoni mwa mwaka 2019 zaidi ya nusu ya watu wote wa Korea Kusini wanakaa katika mji huo na viunga vyake, ilhali mashamba yamebakiwa na wazee, na shule zinafungwa kwa kukosa watoto. Kwa hiyo bendi ya panki inayojaribu kuishi shambani huko hupambana na taabu ambayo kijarida kile hakikuitaja, nayo ni kwamba mtu anaweza kujifunza sauti tatu, akaunda bendi, akatunga nyimbo za kuwatukana wakubwa wa nchi, kisha asipate hadhira ya kumsikia akitukana.

Nimeyaleta haya ya mbali kwa kuwa nataka kusema ya Gando, na ya Gando, yakisemwa peke yake, yaweza kudhaniwa ni malalamiko ya watu wa shamba tu.

Gando ni rasi iliyojitokeza baharini upande wa kaskazini magharibi ya Pemba, katika Wilaya ya Wete, kisiwa cha Fundo kikiwa mbele yake na mikarafuu ikiwa nyuma yake, na watu wake, tangu zamani zisizo na tarehe, wamekula kwa mkono mmoja bahari na kwa mkono wa pili shamba. Panki hapana hapa, wala sidhani kwamba itakuja. Vijana, alhamdulillahi, hawakupungua: sensa ya mwaka 2022 iliihesabia Pemba watu 543,441, na mwenye kupita mbele ya shule zetu saa ya mapumziko hahitaji kuambiwa wengi wao ni wa umri gani. Lakini nao, wakishaota ndevu, huanza kutazama upeo wa bahari. Huyu Unguja, yule Tanga, mwingine Mombasa au Dar es Salaam, na mwenye jamaa aliyemtangulia Maskati huomba paspoti. Kikundi cha muziki cha shamba, kiwe cha Korea au cha Pemba, hufundisha watu kwa ajili ya miji ya wengine.

Muziki ninaoukusudia ni kidumbaki. Msomaji wa bara asiyeujua na aufahamu hivi: kidumbaki ni taarabu iliyovua koti. Taarabu ya heshima, ile ya Ikhwani Safaa iliyoasisiwa Unguja mwaka 1905 na ile ya Culture Musical Club iliyoanza mwaka 1958, ina ganuni na udi na nai na kodiani na fidla kadhaa wa kadhaa, na wapigaji wake hukaa kwa taadhima mbele ya watu waliokaa vitini, na mtu akipendezwa huinuka polepole, noti ikiwa baina ya vidole viwili, akaenda kumtunza mwimbaji na kurudi mahali pake. Kidumbaki ina fidla moja. Ina vidumbaki viwili, ngoma ndogo zilizowambwa ngozi, ambazo hupigwa na mtu mmoja. Ina mkwasa, vijiti vifupi vinavyogonganishwa. Ina cherewa, vifuu vya nazi vilivyotiwa mbegu ndani vikawa vya kutikiswa. Na ina sanduku. Juu ya hivyo yupo mwimbaji, na wapo waitikiaji ambao aghalabu ni wapigaji wenyewe. Viti havina kazi. Wimbo mmoja hauishi ila umeingia katika wa pili, na wa pili katika wa tatu, na mkururo huo waweza kuendelea saa nzima pasipo nukta, kasi ikizidi kila hatua, wanawake wakiwa katikati wakikata viuno kwa namna ambayo mwandishi wa gazeti la watu wote hana ruhusa ya kuieleza zaidi.

Nyimbo zenyewe nyingi si za kubuniwa upya. Mwimbaji hutwaa wimbo wa taarabu uliovuma, ambao mtungaji wake alitoka jasho kuuvisha mafumbo, naye huyavua mafumbo hayo moja moja mpaka maana ikasimama hadharani, kisha huongeza beti zake papo kwa papo kwa kadiri ya waliohudhuria. Jambo hili si uhaba wa adabu tu, kama wanavyodhani baadhi ya watu wa mjini. Ni elimu, tena ni elimu kongwe kisiwani hapa. Pemba haikungoja London kufundishwa ukali wa maneno. Ali bin Said Jahadhmy, aliyejulikana kwa lakabu ya Kamange, na mwenziwe Sarahani bin Matwar, walijibizana kwa mashairi hapa hapa Pemba katika karne ya kumi na tisa, na tungo zao na habari zao zilikusanywa katika kitabu cha Kale ya Washairi wa Pemba kilichochapishwa mwaka 2011. Na chini ya elimu hiyo ya waliosoma ipo ya wasiosoma, kama ile ngoma ya kibati ambayo watu hujibizana kwa maneno ya haraka juu ya mlio wa ngoma, asiye na ulimi mwepesi akaaibika. Siti binti Saad naye, yule mwimbaji wa taarabu mzaliwa wa Fumba kule Unguja, aliyeuza vyungu kabla ya kupelekwa Bombay mwaka 1928 kwenda kutia sauti yake katika sahani za santuri, alitoka miongoni mwa watu wa tabaka hili hili, na pengine ndiyo sababu mwandishi Shaaban Robert, alipoketi kuandika wasifu wa Siti, hakuona haja ya kumtafutia nasaba ya kifalme.

Kwa hiyo yuko mtu atakayesema kwamba kidumbaki ndiyo panki ya Zanzibar, maana vyombo vyake ni vya kujitengenezea, wapigaji wake hawakusomea, maneno yake ni makali na wakubwa hawaipendi. Mtu huyo amesema kweli nusu, na nusu iliyobaki ndiyo yenye uzito. Panki ya Seoul au ya London humshambulia aliye mbali: dola, polisi, tajiri, mfalme, na mwimbaji akishamaliza hushuka jukwaani, akapotea katika umati wa watu wasiomjua. Mwimbaji wa kidumbaki wa shamba hana umati wa kupotelea. Bibi aliyemgusa kwa ubeti wa jana kuhusu mume wa mtu, au mzee aliyemsema kwa ubahili wa mahari, ni jirani yake, na yamkini ni shangazi yake, na asubuhi watakutana dukani na jioni watakutana mazikoni. Ujasiri wake, basi, si wa kusema lolote. Ni wa kujua hasa neno litakalochoma bila ya kuvunja udugu, na kulisema neno hilo katika hali ya kuimba, kwa kasi, sanduku likinguruma, pasipo wasaa wa kulifuta. Sijui kama wapanki wangeliiweza kazi hiyo. Hao husifiwa kwa kutojali, na mtu asiyejali hadumu Gando hata wiki.

Tofauti ya pili imo katika fedha. Bendi yenye ukumbi huuza tikiti. Ya shamba letu haina ukumbi wala tikiti, ina harusi. Na harusi za Pemba hufuata kalenda mbili ambazo hazikupata kusikilizana: ile ya mwezi mwandamo na ile ya karafuu. Kwa kalenda ya kwanza, mwezi wa Shaaban hujaa shughuli hata zikagongana, maana kila mtu ataka kuoza kabla ya Ramadhani. Kisha Ramadhani ikiingia vyombo vyote hutundikwa, na mpiga fidla hurudi kuwa mvuvi au mkulima kama alivyokuwa, akasali tarawehe pamoja na wale wale ambao wiki iliyopita walimlaumu kwa kazi yake. Kwa kalenda ya pili, neema ya mikarafuu haiji kila mwaka sawasawa. Mkarafuu hukubali mwaka huu ukajaa mpaka matawi yakainama, na mwaka ujao ukakataa, ukasimama na majani yake tu. Katika mwaka wa kukubali watoto hukosekana madarasani, majamvi hutandazwa njiani, harufu ya karafuu zinazoanikwa huingia hata katika nguo za sala, na baba mwenye binti hufungua mkono. Mwaka 2011 serikali ilipopandisha bei ya karafuu za daraja la kwanza hata ikafika shilingi 15,000 kwa kilo, ziko nyumba zilizopigwa bati jipya, na ziko harusi zilizokuwa zikingojwa ambazo hatimaye zilifungwa. Katika mwaka wa kukataa, harusi ni sahani ya pilau, maulidi, dua na watu kwenda zao.

Mapato ya usiku mmoja hugawika pande mbili. Ipo ijara inayopatanwa na mwenye shughuli, ambayo aghalabu hupatanwa na jamaa na kwa hiyo hupunguzwa. Na zipo tunzo, zile noti wanazotia wanawake mkononi mwa mwimbaji au kumbandika katika paji la uso, na hizi hutegemea neno lililosemwa, na nani alilisikia, na nani alitaka aonekane amelisikia. Mwimbaji mjanja hujua kuzivuta. Huutaja ukoo mmoja kwa wema, akanyamaza kidogo, akamtazama mtu wa ukoo wa pili. Na ukoo wa pili hauwezi kukaa kimya. Nimeona noti za elfu kumi zikitoka katika pindo la kanga ambalo saa moja kabla yake lilikuwa halina nauli ya kurudia Wete.

Kisha ukaja umeme. Kwa miaka mingi Pemba iliwashwa kwa majenereta ya dizeli yaliyokuwa Wesha, na umeme huo ulikuwa ukija na kuondoka kwa hiari yake, hata mtu mwenye harusi hakuthubutu kuutegemea. Lakini mwaka 2010 ulilazwa waya chini ya bahari kutoka Tanga, wenye urefu wa kilomita zinazokaribia themanini, na toka hapo kisiwa kikapata nuru ya kuaminika. Hakuna mwenye akili atakayeililia dizeli. Friji za samaki zimefanya kazi, wanafunzi wamesoma usiku. Walakini umeme huo huo uliingiza kinanda na spika kubwa, na pamoja navyo taarabu ya kisasa, ile ya rusha roho iliyoshamiri tangu miaka ya 1990 kwa vikundi kama East African Melody na baadaye Jahazi, ambayo haikuona tena haja ya mtu wa sanduku wala wa cherewa, kwa sababu sauti zao zote zimo ndani ya kinanda. Na baada ya kinanda kikaja kitu kidogo zaidi, flashi ya ukubwa wa kucha, ambayo kijana mmoja huichomeka katika spika akapiga mpaka alfajiri, hali chakula, hadai nauli ya watu saba, hagombani na mwenziwe, wala hamsemi shangazi wa mtu. Kwa mwenye harusi asiyetaka balaa, sifa hiyo ya mwisho si ndogo.

Ukimwuliza mtu yeyote ni nini kinachoua vikundi vya kidumbaki vya mashamba, atakujibu ni flashi. Mimi sikubali. Flashi imepunguza shughuli, hilo dhahiri, lakini shughuli hazikuisha. Wapo watu wazima wanaoona kwamba binti hakuozwa kama hakuchezewa, na wapo vijana waliokwisha choshwa na nyimbo zile zile za spika. Kinachoviua ni fidla.

Tazama vyombo vyenyewe. Sanduku la chai la zamani limeadimika, kwa kuwa chai siku hizi husafirishwa katika magunia ya karatasi, lakini seremala yeyote wa Gando hupiga sanduku la mbao nyembamba kwa nusu siku, na uzi wake ni nailoni ya mshipi wa kuvulia, ambayo hapa haikosekani katika nyumba yoyote. Ngozi ya vidumbaki ni ya mbuzi wa Idi. Vifuu vya cherewa viko chini ya minazi, na mkwasa hukatwa mtini bure. Kikundi kizima kingeweza kuzaliwa asubuhi na kupiga jioni, kama alivyotaka yule mtu wa kijarida cha panki, lau si fidla, ambayo haikuchongwa hapa, na nyuzi zake nne haziuzwi Gando, wala singa za farasi za upinde wake, wala ule utomvu mkavu unaopakwa singa hizo ili zishike uzi. Na pasipo utomvu upinde huteleza juu ya nyuzi ukatoa mlio wa panya. Uzi mwembamba wa kwanza ndio ukatikao upesi, hasa kwa hewa yetu ya chumvi. Ukikatika, mpigaji hujaribu kuishi na tatu, akihamishia wimbo katika nyuzi za chini, na msikilizaji wa kawaida husema usiku ule fidla ilikuwa na huzuni. Ukikatika wa pili, fidla hutundikwa ukutani. Atangoja mtu aendaye Unguja, naye mtu huyo apande gari mpaka Mkoani, avuke kwa boti, afike mjini, aulize, aambiwe hazipo, aulize tena. Na akizipata atazileta baada ya mwezi, au atasahau, maana alitumwa pia dawa na kitambaa cha sare.

Fauka ya chombo, yuko mtu mwenyewe. Kupiga mkwasa mtoto hujifunza kwa kutazama, na sanduku kwa mwezi mmoja wa kukosea. Bali fidla haina alama za kuonyesha kidole kikae wapi, na fidla ya kidumbaki ina kazi ngumu kupita ile ya taarabu, kwa kuwa katika taarabu mpigaji mmoja akikosea huzibwa na wenziwe, na hapa yuko peke yake, ndiye anayemtangulia mwimbaji, ndiye anayemjibu, na ndiye anayewaunganisha wote wakati wa kuvuka kutoka wimbo hata wimbo. Kijana huhitaji miaka. Miaka hiyo huwa ndiyo ile ile anayoanza kutazama upeo wa bahari. Kwa hiyo vikundi vinne au vitano vya vijiji jirani huishia kumtegemea mpiga fidla mmoja, ambaye sasa ni mzee, ana macho mazito, na katika Shaaban hugombewa kuliko daktari. Umri wa kikundi cha kidumbaki ni umri wa mpiga fidla wake; akifa, waliobaki hawakupungua mmoja katika saba, wamepungua wote.

Msaada upo, tena wa nia njema. Mwaka 2002 kilifunguliwa mjini Unguja chuo cha muziki cha nchi za majahazi, ambacho kimefundisha fidla na ganuni na kidumbaki yenyewe kwa vijana wengi, ingawa nacho, kwa kutegemea hisani ya wafadhili, kilifika mwaka 2019 katika dhiki ya kukaribia kufunga milango. Tamasha la Sauti za Busara, lililoanza mwaka 2004, limewapandisha jukwaani watu wa ngoma zetu mbele ya wageni, na lenyewe pia halikufanyika mwaka 2016 kwa upungufu wa fedha. Makame Faki, yule mwimbaji wa sauti nzito aliyepewa jina la Sauti ya Zege, alishiriki na wenziwe wa Kidumbak Kalcha katika sahani iitwayo Ng'ambo, iliyotolewa Ujerumani mwaka 1997, na kwa sahani hiyo wako watu wa Ulaya wanaoijua kidumbaki kuliko baadhi ya mawaziri wetu. Haya yote ni heri. Lakini jukwaa la tamasha hutaka dakika arubaini, na kidumbaki haianzi kuchemka kabla ya hapo. Hutaka orodha ya nyimbo, na zetu hazijulikani mpaka wajulikane waliohudhuria. Na hutaka hadhira ya wageni, ambao hawana shangazi wa kusemwa. Kilichofika Ulaya ni sauti. Maneno yalibaki forodhani.

Na safari si jambo dogo kwa watu wa muziki. Watu kumi na tatu wa msafara wa Five Stars, kikundi cha taarabu ya kisasa, walikufa pamoja barabarani Mikumi mwezi Machi 2011, wakirudi kutoka kupiga Kyela. Na Septemba ya mwaka huo huo meli ya Spice Islander ilizama kaskazini ya Unguja ikija kwetu Pemba, ikachukua mamia ya watu, wakiwamo wa kila kijiji cha upande huu. Ndiyo maana mama wa kijana wa Gando akiambiwa mwanawe amealikwa kupiga ng'ambo ya bahari, haulizi atalipwa nini. Huuliza ataondoka kwa chombo gani.

Wenzetu wa Dar es Salaam wameshika njia isiyohitaji fidla. Jagwa Music wa Mwananyamala, walioanza mwaka 1992, hupiga muziki wa mchiriku kwa vinanda vidogo vya Casio vilivyochakaa, vikipitishwa katika vipaza sauti vya kutangazia, pamoja na ngoma zao, na sahani yao ya Bongo Hotheads ya mwaka 2012 iliwafanya Wazungu wengi waseme kwamba panki imezaliwa Uswahilini. Nairobi nako wako vijana kama wale wa Crystal Axis wanaopiga panki waziwazi, kwa magitaa, wakiimba juu ya ukoloni na dhuluma za serikali. Nawasifu wote wawili. Lakini mchiriku uko katika mji wa mamilioni, ambamo chombo kikiharibika fundi yuko mtaa wa pili na wa kusikiliza wako dirishani. Na Nairobi ni Nairobi kama Seoul ilivyo Seoul.

Kwa upande wangu naona dawa iko ufukweni, mbele ya macho ya wapigaji wenyewe. Wavuvi wa Gando wakirudi na samaki hawagawi mpaka kwanza watoe fungu la chombo, kwa ajili ya tanga, kamba, mashine na kalafati, na hakuna baharia anayelionea choyo fungu hilo, maana anajua kwamba chombo kisipokula leo yeye hatakula kesho. Watu wale wale, wakishatoka harusini alfajiri, hukaa kivulini wakagawana noti mpaka ya mwisho, fidla ikiwa imeegemezwa pembeni haina fungu. Laiti ingelihesabiwa kuwa mtu wa nane, kwa misimu miwili tu ya Shaaban ingelijinunulia nyuzi za akiba, upinde wa pili, na pengine fidla ndogo ya kumpa mtoto ajifunzie. Nimelisema hili kwa wahusika. Walicheka, wakaniambia kwamba samaki huliwa na kila mtu lakini muziki huliwa na mwenye njaa. Nililichukulia kuwa ni jibu la kunikwepa, ingawa lina ufundi.

Wakati huo huo kazi inaendelea kama ilivyokuwa ikiendelea. Shaaban ikikaribia, mama wa binti hujitanda kanga yake ya pili, akaenda kwa mkubwa wa kikundi baada ya alasiri, akampigia hodi mbali na mlango.

"Shikamoo, ami."

"Marahaba, mwanangu. Wazima huko?"

"Alhamdulillahi. Tuna shughuli ya mtoto, Alhamisi ya pili. Baba yake ataka spika, mimi nataka watu."

"Watu wapo. Sanduku lipo, vidumbaki vipo, mwimbaji umjuaye yupo. Fidla nitamtuma mtoto Wete akamwulize mzee."

"Na kama mzee keshachukuliwa?"

Hapo mkubwa wa kikundi huinama, akahesabu Alhamisi kwa vidole, akahesabu vijiji, akakuta Alhamisi ni chache kuliko vijiji.

"Mzee asipopatikana, mwanangu, hiyo itakuwa ngoma, si kidumbaki. Na ngoma ina bei yake."